Logi ya SCSI ikisema awamu hazilingani, usikimbilie kutupa kadi

Mkuu, umeuliza kama kadi yako ya SCSI (inayounganisha kompyuta na diski au mashine za mkanda) imekufa, maana kila ukinakili mafaili makubwa logi inalalamika kuwa awamu, yaani hatua za mazungumzo kati ya kadi na kifaa, hazilingani, kisha basi lote (njia ya nyaya inayotumiwa na vifaa vyote) linarisetiwa, yaani linaanzishwa upya. Sidhani imekufa. Ujumbe huohuo uliwahi kunifanya ning'oe kadi nzima ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kwanza ujue nani kashika usukani. Kadi ndiyo inayogombea njia na kuchagua kifaa, lakini ikishachagua, anayepanga awamu ni diski: amri, data, hali, ujumbe. Inatumia nyaya tatu, MSG, C/D na I/O. Zote zikiwa zimezima, data inakwenda kwenye diski; ikiwaka I/O peke yake, data inarudi kwenye kompyuta; zikiwaka zote tatu, diski ina ujumbe. Kadi ikiwa na neno, mathalani imeona pariti mbovu (biti ya kukagua makosa haikubaliani na data), inawasha waya wa ATN na kungoja ipewe nafasi.

Kwa hiyo awamu kubadilika katikati ya data si kosa. Huenda diski inataka kuachia njia wengine waitumie, irudi baadaye. Au imekwama, imerukia awamu ya hali na kutoa 02h, yaani niulize kilichonipata. Hapo draiva, programu inayoiendesha kadi, inatuma amri 03h ya kuuliza hilo. Kazi ngumu ya kontrola, chipu ya kadi, ni hesabu. Wakati wa kuandika, baiti zilizokwisha kuchotwa kwenye memori lakini zimebaki kwenye foleni yake ya ndani, hazijafika kwenye waya, lazima zihesabiwe upya kuwa hazijatumwa. Draiva ikikosea hapo faili linaharibika kimyakimya, na hilo naliogopa kuliko riseti kumi.

Sasa kadi niliyoing'oa. Ofisi moja ilikuwa na mashine ya mkanda ya nje. Kompyuta ikiwaka inaitambua vizuri, jina na toleo, ila ukianza kuandika, dakika mbili tu: pariti, riseti. Nikadhani kebo ni nzima kwa kuwa kifaa kinaonekana. Kumbe amri, hali na ujumbe hupita taratibu, kila baiti ishara za REQ (ombi) na ACK (jibu la kukiri) zikisubiriana. Data ndiyo inayokwenda kasi baada ya vifaa kukubaliana. Siku ya tatu nikafungua kasha, nikaifuata kebo kwa kidole pini kwa pini, nikakuta diski ya katikati bado ina jampa (kipini kidogo cha kuwashia) ya tamineta, kile kifungio cha ncha ya kebo kinachozuia ishara zisirudi nyuma. Tamineta tatu kwenye kebo moja! Nilipochomoa jampa ile, mkanda uliandikwa mpaka mwisho.

Hesabu tamineta zako: ziwe mbili tu, moja kila ncha. Kisha ingia kwenye menyu ya kadi, ushushe kasi ya kifaa hicho. Tatizo likitoweka, shuku waya kabla ya kadi. Na kama una mashine ya mkanda kwenye basi hilo, zima kila kitu uichomoe kabla ya kujaribu, kwa sababu riseti haichagui. Inamgusa hata asiyehusika, na mkanda uliokuwa unaandikwa kwa kawaida hupoteza mahali ulipofikia.

Halafu bandika hapa mstari wa logi unaoonyesha awamu iliyotarajiwa na iliyokuja. Kama iliyokuja ni ya hali, weka na jibu la 03h.