Wadogo zangu, kabla hujaandika kuhusu watu wa LGBTQ uliza kwanza nani anasimulia

Wadogo zangu mnaoshuka Dodoma na mabegi yenu, hasa mliochukua fasihi au historia, kuna siku utaambiwa ujichagulie mada ya asaimenti mwenyewe na utaitamani hii ya watu wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia. Mi niliichukua mwaka wa pili, nikajifungia hosteli upepo unavuma na vumbi linaingia mpaka kwenye kibodi, wiki 2 nzima nasoma magazeti na matamko ya viongozi, nikaandika kurasa 12. Mwalimu akaniuliza swali moja tu, humu ndani nani anajisimulia mwenyewe? Hakuna hata mmoja. Kurasa 12 za watu wanaosemwa tu, na iliniuma sana kwa sababu niliamini nimewatendea haki.

Kwahiyo anza na wanaosimulia kwa karibu. Ipo filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018, wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, Kena na Ziki, baba zao ni wapinzani kwenye siasa. Ndo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, nyumbani ikapigwa marufuku, halafu Septemba mwaka huohuo mahakama ikairuhusu siku 7 na watu wakajaa kumbini. Usiishie hapo, rudi kwenye hadithi fupi ilikotoka, Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyochukua tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika 2007, zisome pamoja uone nini kimebadilika hadithi ilipohama Kampala kwenda Nairobi. Na jina lenyewe lina uzito jamani, wapenzi wa namna hii wakitambulishana mbele za watu neno linalobaki ni hilohilo, huyu ni rafiki yangu. Sisi wenye Kiswahili tunapaswa kulishika hilo haraka, si unajua pwani mwanamke anamwita mwenzie shoga yangu kwa upendo kabisa na mtaa wa pili neno hilohilo ni tusi? Ukiisaka historia hii kwa neno moja utakosa nusu yake.

Stories of Our Lives ya 2014 nayo itafute, ni filamu ya visa vitano vya rangi nyeusi na nyeupe, vimetokana na simulizi zilizokusanywa kwa watu wenyewe Kenya, na mwanzoni waliotengeneza walificha majina kwa usalama wao.

Kwenye kitabu cha Abdulrazak Gurnah, Peponi kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, nendeni taratibu. Yusuf ni mtoto, kawekwa rehani kwa deni la baba yake, na kila mtu anautamani uzuri wake bila kumuuliza yeye. Wengi wanakisoma wanaandika kwamba ni mapenzi ya jinsia moja, hapana, pale kuna nguvu ya mkubwa juu ya mdogo, na ukivichanganya hivyo viwili unawaumiza watu wasiohusika.

Sheria pia isome kama hadithi yenye mwandishi. Kifungu cha 154 kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu ngono inayoitwa kinyume cha maumbile, kifungo kisichopungua miaka 30 mpaka maisha, mizizi yake ni kanuni ya India ya 1860 waliyoandika Waingereza, ikafika Tanganyika kwa mkono wao. Mahakama ya Juu ya India ilishaondoa adhabu hiyo kwa watu wazima wanaoridhiana, Septemba 2018, mwezi uleule wa zile siku 7 za Rafiki. Sisi bado iko, ndo maana nasisitiza, dokezo zako ziwe za vitabu na filamu. Jina la mtu unayemfahamu lisiingie kwenye daftari, wala kwenye simu, wala kwenye grupu la darasa hata kwa utani, maana skrinshoti haifutiki. Na siku ya prezentesheni ukiona watu wanaanza kugeuza shingo na kukisia fulani yukoje, wataje Kena na Ziki, taja ukurasa, waambie tuurudie huo tuusome kwa sauti.