Task Manager ya zamani haitaki setapu ya flashi

Swali: Nina saiba ndogo Malindi. Tangu mashine zangu zihamie Windows 11, Task Manager, lile dirisha linaloonyesha programu zinazoendeshwa, imeweka menyu ubavuni, nami nimezoea ile ya Windows 10 yenye tabo juu. Rafiki amenipa flashi yenye setapu ya kuirudisha, ananiambia hata mashine itakuwa nyepesi. Nizime antivirusi niiweke?

Jibu: Usizime, na flashi mrudishie mwenyewe. Ya zamani haijaenda popote, imo humo humo ndani ya Windows 11. Funga Task Manager kama iko wazi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskmgr -d, kisha Enter. Ukichoka kuandika kila mara, tengeneza njia ya mkato yenye maneno hayo. Ctrl+Shift+Esc itaendelea kuleta mpya, hilo livumilie.

Nasema livumilie kwa sababu ndipo setapu hizi zinapochokonoa. Huingia kwenye rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, chini ya Image File Execution Options, zikaandika thamani iitwayo Debugger. Basi kila taskmgr.exe ikiitwa, Windows hufungua programu nyingine badala yake. Virusi navyo hupapenda hapo hapo. Juzi mwalimu mmoja aliniletea laptopu hapa Langoni, Lamu: akifungua Task Manager anaambiwa taskmgr.exe haipatikani. Faili lilikuwepo, zima. Debugger ndiyo iliyokuwa ikielekeza kwenye programu ambayo antivirusi ilikwisha kuifuta. Nilifuta thamani ile moja, ikafunguka. Na fundi wa kwanza keshamlipisha kuweka Windows upya!

Huo wepesi nao sijui nani aliuzua. Task Manager ni kioo. Ukibadili kioo hupungui unene. RAM ya GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na mteja akifungulia kivinjari kurasa ishirini, itakwama tu. Bonyeza kichwa cha safu ya Memory uone mlaji mkubwa, kisha nenda Startup uzime vinavyojiwasha bila kuitwa.

Leo ni Task Manager, kesho utaletewa menyu ya Start ya zamani, keshokutwa kalkuleta ya Windows 7. Setapu inayoanza kwa kukuomba uzime antivirusi, iache, hata akikupa ndugu wa tumbo moja. Kwenye mashine za saiba watu huandika nywila za eCitizen na za KRA. Kama flashi hiyo umekwisha kuichomeka kwenye mojawapo, ichunguze mashine hiyo kwa antivirusi usiku huu, kabla mteja wa kesho hajakaa.