Jibu: Kuandika maisha ya mzee aliyekuwa askari wakati karatasi zimepotea

Dada, pole sana kwa msiba. Unasema matanga ya babu yanamalizika mwisho wa mwezi hapa Bukavu, familia imekuachia wewe kuandika maisha yake kwa kuwa ndiwe uliyesoma, na ulichonacho ni picha moja akiwa na kepi, nishani isiyo na maandishi, na wajomba wanaobishana. Mimi niliandika ya baba yangu. Alikuwa soda, yaani askari, tangu jeshi la Kongo likiitwa ANC mpaka likawa FAZ, akastaafu akiwa ajida (cheo cha juu ya sajini), na karatasi zake zote zilipotea katika vurugu za 1996. Kwa hiyo nitakueleza nilivyofanya mimi.

Anza na watoto. Askari wa wakati ule alihamishwa kila mara, na mke alimfuata na masufuria yake. Kwetu, kaka mkubwa alizaliwa Kamina, dada anayemfuata Kisangani, mimi Kalemie, wadogo wote hapa Bukavu. Nilikwenda parokiani wakanifungulia kitabu cha ubatizo. Kwa parokia za mbali niliomba ndugu walio kule wakaulize. Tarehe zile nilipozipanga kwenye karatasi moja, safari yake yote ya jeshi ikaonekana, hata miaka ambayo wajomba walikuwa wanaigombania. Sisi watoto ndio tulikuwa kitabu chake cha utumishi. Babu yako bila shaka ameacha cha namna hiyo. Waulize mama zako wadogo na shangazi walizaliwa wapi, siyo tu mwaka gani.

Pili, watafute wamama wa kambi. Wazee waliopigana pamoja watakupa majina ya makamanda, lakini mama aliyekaa nyumba ya jirani anakumbuka nani alikuwa anapiga mke wake, nani alikuwa anakunywa mshahara wote kabla haujafika nyumbani, na nani hakufanya hayo. Kwa baba yangu, mambo mazuri zaidi niliyapata kwa bibi mmoja wa Bagira ambaye wajomba hawakumtaja hata mara moja.

Sasa hilo la Saïo. Unaandika kwamba babu alizaliwa 1939 na wajomba wanasisitiza kwamba "alikuwa Saïo", yaani aliwapiga Waitaliano. Haiwezekani, dada. Saïo iko Ethiopia. Force Publique, jeshi la Kongo la wakati wa Wabelgiji, iliwafanya Waitaliano wasalimu amri pale mwanzoni mwa Julai 1941, na babu alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Waliokuwa watu wazima wakati wa vita ile walikuwa wamebaki wachache sana: mzee Albert Kunyuku, askari wa zamani wa Force Publique, ambaye Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani mjini Kinshasa Juni 2022, alikuwa tayari na miaka 100. Lakini wajomba hawadanganyi. Kambi ya jeshi hapa Bukavu inaitwa Saïo, kwa kumbukumbu ya vita hiyo hiyo. Babu alikuwa Saïo, ndiyo, alikaa pale. Waeleze polepole, kabla ya siku yenyewe, maana mbele ya watu hakuna mjomba atakayekubali kurekebishwa na mjukuu.

Majina yatakusaidia kupanga miaka. Jeshi liliitwa Force Publique mpaka 1960, likawa ANC, halafu FAZ wakati wa Zaire. Barua iliyoandikwa "Stanleyville" au "Élisabethville" kwa kawaida ni ya kabla ya 1966, na karatasi ambayo jina la kizungu limeondolewa ghafla ni ya kuanzia 1972. Geuza picha, angalia nyuma.

Kuhusu vita yenyewe, mimi niliandika mistari michache tu. Baba alikuwa kati ya askari wa ANC walioletwa mwaka 1967, Mbelgiji Schramme na mamluki wake pamoja na askari wa Katanga waliposhika Bukavu kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Novemba, kabla ya kuvuka Ruzizi kuingia Rwanda. Jambo hilo kila mtu wa umri fulani hapa analijua. Yeye mwenyewe hakutaka kulisimulia. Tukimbana alikuwa anasema mji ulikuwa mtupu na mbwa wamekonda, basi, anaomba redio. Nikaandika hivyo hivyo: alikuwepo, na hakupenda kuzungumza. Mjomba mmoja alitaka niongeze kwamba aliua mamluki kwa mkono wake. Nilimuuliza nani aliona. Ukiweka ushujaa ambao marehemu mwenyewe hakuudai, unamfanya mwongo akiwa hawezi kujitetea.

Nafasi iliyobaki, na ndiyo kubwa, niliipa nyumba. Mama alipojifungua wadogo zangu, baba aliomba ruhusa, akapika bugali na sombe (majani ya muhogo) mwenyewe, akafua nepi na kuzianika mbele ya nyumba, wenzake wakipita wanacheka. Alikuwa anawajibu kwa Kilingala cha jeshi, maneno ambayo sitayaandika hapa, halafu anageuka kwetu na Kiswahili chake cha upole. Usiku umeme ukikatika, kabla ya kulala alikuwa anapita gizani akigusa vichwa vyetu kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti ya chini. Kichwa kikipungua hakuna anayelala, hata kama ni dada mkubwa aliyechelewa kwa rafiki yake huko Nyawera. Mshahara ulipoanza kukaa miezi bila kufika, alilima mahindi na maharage mlimani juu ya Kadutu, akiwa bado na cheo chake, na Jumamosi alikuwa anashuka na mzigo begani bila kuona haya. Niliposoma sehemu hiyo, majirani walianza kuongeza yao kutoka kwenye viti. Nikaacha kusoma kidogo, nikawaacha waseme.

Cheo: andika kile alichokuwa nacho. Kama alikuwa serja (sajini), ni serja. Siku ya matanga vyeo hupanda haraka kuliko vilivyopanda jeshini, na kati ya wageni atakuwepo mzee anayejua. Nishani isiyo na maandishi usiipe jina. Mpe mtoto mdogo aishike mbele, inatosha.

Kuna jambo utaombwa kulificha, karibu kila familia ya askari inalo: watoto aliozaa kwenye kambi nyingine. Kwetu walikuwepo. Mama mwenyewe ndiye aliyeamua waandikwe, kwa umri wao, wakichanganywa nasi. Kwenu mwamuzi ni bibi kama yuko hai, siyo wajomba na wala siyo wewe. Muulize akiwa peke yake.

Usipite kurasa mbili. Andika kwa Kiswahili, hata kama padri na watu wa kazini watataka Kifaransa. Bibi asikie maisha ya mume wake bila kutafsiriwa. Mpe msomaji ambaye halii haraka, na mfanye mazoezi ya kusoma naye siku moja kabla.

Kuhusu picha, uliuliza kama iwekwe ya kepi. Sisi tuliweka mbili, ya jeshi na ile amekaa kwenye ngazi ya nyumba na mjukuu, na ya pili ndiyo watu walikuwa wanaipiga picha kwa simu. Piga nakala nyingi za maandishi, kwa sababu kila mtoto ataomba yake, na moja uiache parokiani. Ukikwama kwenye tarehe niandikie hapa, nina daftari langu bado.