Paa kubaki na mabaka baada ya kuoshwa
Pole ndugu kwa paa lako kubaki na mabaka baada ya mafundi kuliosha, ila usikubali kulipia kuoshwa tena kwanza. Haya mapaa ya vigae vya lami ya huku Marekani, ile michirizi myeusi sio vumbi, ni bakteria anaitwa Gloeocapsa magma, anaota juu ya kigae, sasa kama mafundi walipuliza tu dawa ya klorini basi pale alipoota sana panachelewa kutakata, zikipiga mvua kadhaa patafanana na kwingine. Shida ni kama walitumia mashine ya presha!! Hapo chungulia kwenye gata (ule mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa), ukikuta changarawe, zile chembe za mawe zinazofunika kigae, zimejaa ujue hayo mabaka ni lami imebaki wazi na jua litaimaliza mapema, piga picha leo leo uwadai.