Nliunga mkono kafyu, nlikosea?

SWALI: Shangazi shikamoo. 2020 corona ilipoingia mi nlifurahia kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, manake mamangu ana sukari nkaogopa tutamzika. Sasa kijana wangu ananambia nyie ndo mlowapa polisi rungu. Nlikosea?
Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kumuogopea mamako si kosa, wakati ule chanjo hakuna, Kenya zilifika Machi 2021. Lakini kijana pia msikilize, manake kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri, na siku hiyohiyo hapo kwenu ferini watu wanakimbilia makwao wakapigwa mabomu ya machozi hata saa 1 haijafika, wakabanana wanakohoa, yaani ugonjwa wenyewe ndo unaambukizwa hivyo! Siku 3 baadae Nairobi mtoto wa miaka 13 akauliwa kwa risasi ya polisi yuko kwenye roshani ya kwao. Hilo mpaka leo laniuma sana. Rais Uhuru akaomba radhi kwa ukali wa polisi, na Aprili hiyohiyo Mahakama Kuu ikasema kafyu ni halali ila nguvu waliyotumia polisi imevunja katiba.

We ulikubali kukaa ndani, hukukubali mtu apigwe. Ila tulipokosea wengi wetu ni kutouliza itaisha lini, ikaenda mpaka 20 Oktoba 2021. Kaa na kijana mwambie hivyo, na mwambie ulivyoogopa wakati ule, pengine hajawahi kukusikia ukisema.