Maswali ya Wasomaji: Televisheni ya Chogo Ikiharibika, Itengenezwe au Iachwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu. Nyumbani kwetu kuna televisheni ya chogo ya inchi 21 tuliyoachiwa na marehemu baba. Hivi karibuni picha ilitoweka ghafla, ukabaki mstari mmoja mweupe, mwembamba, unaokatiza katikati ya kioo kutoka kushoto hadi kulia, ilhali sauti inatoka vizuri kama zamani. Fundi wa kwanza alisema kwamba tyubu imekufa na tusipoteze fedha; wa pili alisema ni tatizo dogo, lakini gharama aliyoitaja ilitutia shaka. Mama anataka itengenezwe, vijana wanataka itupwe. Tushauri.

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu tyubu fundi wa kwanza amekosea, na ushahidi ni huo mstari wenyewe. Tyubu ya picha hufanya kazi kwa kurusha elektroni kutoka shingoni, nyuma kabisa ya chogo, hadi kwenye unga uliopakwa upande wa ndani wa kioo, na unga huo hung'aa kila unapopigwa. Elektroni hizo huvutwa na umeme mkali ambao katika televisheni ya rangi yenye ukubwa kama wa yenu huzidi volti 20,000. Koili, yaani nyaya zilizosokotwa ambazo huwa sumaku umeme unapopita, zilizovishwa shingoni ndizo zinazoupeleka mwale huo wa elektroni kushoto na kulia zaidi ya mara 15,000 kwa sekunde, na juu na chini mara 50 au 60 kwa sekunde kulingana na mfumo wa matangazo, hadi kioo chote kijae picha. Tyubu iliyokufa haiwezi kutoa mstari unaong'aa. Isitoshe, katika televisheni nyingi umeme huo mkali hutoka kwenye transfoma iitwayo flaibaki, ambayo huendeshwa na sehemu ileile inayoupeleka mwale kushoto na kulia. Kwa hiyo mkiuona mstari uliolala, jueni kwamba tyubu inawaka, flaibaki inafanya kazi, na kilichosimama ni ile sehemu ya kuupandisha na kuushusha mwale.

Sehemu hiyo haina mambo mengi. Ina aisii moja, yaani kipande kidogo cheusi chenye saketi nzima ndani yake, iliyofungwa kwa skrubu kwenye kipande cha alumini cha kupozea joto, pamoja na kapasita (vihifadhi umeme) na rezista (vipunguza umeme) chache zinazoizunguka. Mara nyingi hata hiyo aisii ni nzima: kila televisheni inapowashwa lehemu inayoishika miguu yake kwenye bodi hutanuka kwa joto, inapozimwa husinyaa, na baada ya miaka mingi ya mchezo huo hupasuka. Mwombeni fundi aigeuze bodi na awaonyeshe kwa lenzi ya kukuzia miguu ya aisii hiyo. Lehemu iliyochoka huonekana kama duara jembamba jeusi lililouzunguka mguu, na mguu wenyewe hutikisika kidogo unapoguswa kwa kijiti. Kazi ya namna hii haistahili gharama kubwa, hata kama aisii yenyewe itabadilishwa. Iwapo fundi wa pili ametaja fedha nyingi, mwulizeni anakusudia kubadilisha nini, na mkubaliane kwamba kila kipuri kitakachotolewa mtarudishiwa mkononi.

Wakati mnaendelea kushauriana, msiiwashe televisheni hiyo kwa muda mrefu. Nguvu iliyokuwa ikitawanywa kwenye kioo kizima sasa inatua yote kwenye ule mstari, na unga wa hapo huweza kuungua na kuacha alama ambayo hakuna fundi atakayeifuta.

Pamoja na hayo, sijasema kwamba mkubali kila kitu papo hapo. Mstari unathibitisha kwamba tyubu ina uhai, lakini hauonyeshi ina nguvu kiasi gani, na hilo ndilo jambo ambalo mimi hulitazama kabla ya jingine lolote, kwa sababu karibu kila kitu kingine ndani ya televisheni ya chogo kinaweza kubadilishwa isipokuwa tyubu. Viwanda vikubwa vilivyokuwa vikizitengeneza vimekwisha kuacha. Na kuhamisha tyubu kutoka televisheni nyingine kunadai koili zinazooana nayo na kazi ndefu ya kuzipanga upya rangi tatu zikutane mahali pamoja, kazi ambayo gharama yake hupita thamani ya televisheni yenyewe.

Kwa hiyo picha itakaporudi, iacheni ikiwa imezimwa usiku kucha, kisha muiwashe asubuhi ikiwa baridi. Tyubu yenye afya huleta picha inayosomeka ndani ya sekunde chache tu. Iliyochoka huanza na giza, picha ikiwa imeelemea rangi moja, na huchukua dakika kadhaa kukaa sawa. Ukiongeza mwangaza, sehemu nyeupe kama shati au karatasi huvimba na kupoteza kingo. Mkiziona dalili hizo, lipeni kazi iliyofanyika na msiongeze senti nyingine. Wapo mafundi watakaojitolea kuiamsha tyubu kwa kuizidishia umeme wa shingoni. Picha hung'aa kweli, lakini kwa kawaida nafuu hiyo haidumu, na baada yake tyubu huwa dhaifu kuliko mwanzo.

Ikiwa tyubu ni nzuri, basi suala linabaki kuwa la matumizi. Kwa matangazo ya dijitali mtahitaji king'amuzi chenye matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, na televisheni yenu nayo iwe na matundu hayo. Kama ina tundu la antena pekee, gharama ya kifaa cha kuunganishia ihesabiwe pamoja na ya fundi. Umeme nao una uzito wake: televisheni ya chogo ya inchi 21 hula takriban wati 60 hadi 100, wakati ya LED ya ukubwa unaokaribiana mara nyingi haifiki 40. Lakini kama mna kanda za zamani za video, au mashine ya gemu ya enzi hizo, chogo lina ubora wa kweli, kwa kuwa vitu hivyo viliundwa kwa ajili yake. Bastola za zile gemu za kulenga shabaha hutegemea namna mwale unavyokifagia kioo, na kwenye televisheni bapa hazifanyi kazi. Kwa maelezo yenu, mimi naungana na mama: tengenezeni, mradi gharama iwe ya kazi ndogo kama nilivyoieleza.

SWALI: Televisheni yetu ya chogo imepata doa la zambarau kwenye kona moja tangu tulipopanga upya sebule. Je, tyubu imeharibika?

JIBU: La. Angalieni kama kuna spika karibu na kona hiyo, kwa kuwa sumaku yake huupotosha mwale ukaangukia rangi isiyo yake. Isogezeni mbali, zimeni televisheni kwa swichi yake kubwa, wala si kwa rimoti, na mwiache ipoe nusu saa. Ndani yake mna koili inayofuta usumaku kila inapowashwa ikiwa baridi. Rudieni hivyo mara kadhaa. Doa likikataa kutoka, kuna kipuri kidogo kinachoiendesha koili hiyo, nacho ni cha bei nafuu.

SWALI: Ninajua kulehemu kidogo. Je, naweza kuifungua televisheni ya chogo mwenyewe? Na ikishindikana, niitupe wapi?

JIBU: Ndugu yangu, nakusihi usiifungue peke yako. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi: tyubu huweza kubaki na umeme mkali kwa siku kadhaa, na kapasita kubwa ya sehemu ya kuingizia umeme huweza kuwa na volti zaidi ya 300. Shingo ya tyubu nayo ni kioo chembamba, na ndani hakuna hewa. Ikivunjika kwa kishindo, vipande huruka. Jifunze kando ya fundi anayejua kuutoa umeme huo kwa usalama.

Ikishindikana, usiivunje wala usiichome, kwa maana kioo cha chogo kina madini mengi ya risasi, ambayo ni sumu. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Kabla ya hapo mwulize fundi kama anaihitaji kwa vipuri, kwa sababu flaibaki na koili nzima za televisheni ambayo tyubu yake imekufa ndizo anazozitafuta mwenye televisheni ya aina hiyohiyo ambayo tyubu yake ingali hai.