Maji ya rangi za nguo na kisima cha jirani

SWALI: Shikamoo mhandisi. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Dunda, Bagamoyo. Tunatengeneza batiki, na siku hizi tunarudishia rangi suruali za jinzi za mitumba zilizopauka. Maji yaliyokwisha kutumika tunayamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Yakitoka kwenye pipa huwa ya njano-kijani, kisha hugeuka kuwa ya buluu. Jirani yetu ana kisima hatua kama thelathini kutoka hapo, naye analalamika kwamba maji yake yamebadilika ladha, ingawa ni meupe kabisa. Je, maji yasiyo na rangi yanaweza kuwa yamechafuliwa na rangi zetu? Na je, kazi yetu ina madhara kama yale yanayosemwa kuhusu viwanda vya jinzi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Yanaweza kabisa, na ladha kubadilika huku maji yakibaki meupe ndiyo dalili ambayo ningeitarajia kwa shimo la namna hiyo katika udongo wa Bagamoyo. Naomba jirani msimwone mkorofi.

Nili inayopaka jinzi na rangi nyingi za batiki ni za jamii moja: haziyeyuki katika maji. Ili ziingie ndani ya uzi wa pamba, hutiwa katika maji makali ya kostiki soda pamoja na haidrosulfaiti, ambayo huibadilisha rangi ikawa katika hali ya kuyeyuka. Nili ikiwa katika hali hiyo huwa ya njano-kijani, na nguo ikitolewa na kupigwa na hewa, oksijeni huirudisha kuwa ya buluu isiyoyeyuka, ikanasa ndani ya uzi. Jambo hilohilo hutokea shimoni. Rangi hurudi kuwa chembe za buluu, chembe zikakamatwa na mchanga, na maji yanayoendelea kushuka huwa meupe. Lakini soda haikamatwi na mchanga, wala chumvi za salfa zinazobaki baada ya haidrosulfaiti kumaliza kazi yake. Hizo husafiri pamoja na maji hadi kisimani. Mabaki hayo huishia kuwa salfeti ya sodiamu, na ladha yake huanza kusikika mdomoni ikifika kiasi cha miligramu 250 kwa lita.

Wengi hujitetea kwa kusema kwamba shimo liko mbali na kisima kama inavyotakiwa kwa choo. Hoja hiyo haifai hapa. Umbali kati ya choo na kisima husaidia kwa sababu vimelea hufa na kuchujwa kadiri maji yanavyopita ardhini, ilhali chumvi haifi. Inapungua makali kwa kuchanganyika na maji mengine tu, na katika mwambao wenye mchanga na matumbawe ya kale, ambako maji ya ardhini hayako chini sana, mchanganyiko huo unaweza kuwa mdogo mno.

Ningependa kulisisitiza suala la haidrosulfaiti, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kemikali hii ina kiu ya oksijeni. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 1 ikioksidishwa hadi mwisho hula yapata gramu 276 za oksijeni. Maji yasiyo ya chumvi yenye joto la nyuzi 28 hubeba miligramu zisizofika 8 za oksijeni katika kila lita, kwa hiyo kilo hiyo moja inaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 35,000 za maji. Mtu anayefikiri kwamba badala ya shimo ni afadhali amwage pipa lake kwenye kijito kinachoelekea mikokoni, mahali ambapo kamba na samaki wadogo hukulia, auzingatie ukubwa wa tarakimu hiyo. Soda nayo ina ukali wake: gramu 1 tu ya kostiki katika lita ya maji hupandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi au wa magadi, ambapo 7 ni katikati) hadi kupita 12, wakati viwango vya Tanzania vya mwaka 2007 vinataka maji taka yanayoachiwa kwenye mazingira yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5, na rangi yake isizidi 300 kwa TCU, yaani kipimo cha rangi ya maji. Malalamiko ya jirani yana msingi hata kisheria.

Hukuniambia kama mnatumia pia zile rangi zinazochanganywa na chumvi na soda ashi bila haidrosulfaiti. Kama mnazitumia, naziogopa zaidi kwa mazingira yenu. Rangi nzito ya aina hiyo huhitaji gramu 50 hadi 80 za chumvi kwa lita, wakati maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Maana yake ni kwamba mnamwaga juu ya visima maji yenye chumvi kuliko bahari, katika mji ambao bahari yenyewe tayari inavitishia visima. Tena sehemu ya rangi hiyo, ambayo mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 40, haishiki kwenye nguo, na kwa kuwa imeyeyuka haitulii chini hata ukiiacha wiki nzima. Kikundi kisicho na mtambo wa kusafisha maji kibaki na rangi za haidrosulfaiti, kwa sababu hizo angalau zinaweza kutenganishwa na maji kwa mikono.

Kuhusu viwanda, ulinganisho wenu ni wa haki kwa upande mmoja tu. Kemia ni ileile, ila kiwandani nyuzi za urefu wa kitambaa huchovywa na kuanikwa hewani mara nyingi mfululizo, kisha suruali iliyoshonwa hufuliwa kwa mawe au vimeng'enya ili ipauke, hivyo sehemu ya rangi iliyotiwa kwa gharama huondolewa tena na kuwa taka. Upaukishaji kwa kupuliza mchanga ulisababisha wafanyakazi wa Uturuki wapate ugonjwa wa mapafu usiotibika, na nchi hiyo iliupiga marufuku mwaka 2009. Hata hivyo, ukiangalia wingi wa maji, shamba la pamba ndilo linalotumia zaidi: kampuni ya Levi Strauss ilikadiria mwaka 2015 kwamba suruali moja hutumia karibu lita 3,800 tangu shambani hadi mwisho wa maisha yake, na asilimia 68 ya hizo ni za kilimo cha pamba. Kwa hiyo kuirudishia rangi suruali iliyokwisha kulimwa na kushonwa, ili ivaliwe miaka mingine, ni kazi njema ninayoiunga mkono. Kasoro yenu ni shimo.

Lifungeni. Maji yaliyotumika yawekwe kwenye beseni pana au pipa lililokatwa, mahali penye hewa na mbali na watoto, yakorogwe mara kadhaa kwa siku hadi yasionekane tena ile njano-kijani. Hapo haidrosulfaiti itakuwa imeliwa na hewa, na rangi itakuwa imetulia chini kama tope. Mimineni maji ya juu kupitia kitambaa kizito, kisha lianikeni tope na kulihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Baada ya hapo tu ndipo mnaweza kupunguza ukali wa soda kwa siki, mkipima kwa karatasi ya litmasi. Msitie siki mapema: asidi ikikutana na haidrosulfaiti ambayo haijaisha hutoa gesi ya salfa inayobana pumzi, na kwa rangi nyeusi za salfa, ambazo hutumika sana kwenye jinzi nyeusi, inaweza kutoka gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni sumu ya kuua.

Maji yaliyobaki bado yana chumvi, na hakuna chujio la kienyeji litakaloiondoa. Yaachieni yakauke kwenye bwawa dogo lililotandikwa turubai nene la plastiki. Miezi ya kaskazi bwawa la mita 10 za mraba linaweza kupoteza lita 40 hivi kwa siku, lakini wakati wa masika litahitaji paa, na ni bora kazi ipunguzwe.

Njia ya maana kuliko zote, hata kwa mfuko wenu, ni kutomwaga haraka. Pipa la nili likiongezwa soda na haidrosulfaiti kidogo hufanya kazi tena na tena. Kwa nili peke yake kuna wanaotumia chokaa na matunda yaliyoiva sana badala ya haidrosulfaiti. Ni polepole, lakini inafaa kujaribiwa kwenye ndoo. Nta ya batiki iengueni maji yakipoa, muitumie upya. Haidrosulfaiti ihifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha unyevu, kwani ikipata maji kidogo huweza kupata joto na kuwaka yenyewe, na hewa ya pwani mnaijua. Rangi ya unga inayouzwa kwenye mfuko usio na jina wala namba msiinunue: baadhi ya rangi za azo, ambazo ni jamii kubwa ya rangi za viwandani, huvunjika na kutoa kemikali zinazosababisha saratani, ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuzizuia kwenye nguo mwaka 2002.

Kwa jirani, chukueni sampuli ya kisima chake na ya kisima kingine kilicho mbali na shimo, mzipeleke maabara ya maji zipimwe pH, salfeti, sodiamu na upitishaji umeme, ambao huonyesha wingi wa chumvi. Gharama ilipwe na kikundi. Hadi majibu yatoke asinywe maji hayo wala asipikie, na kipimo kirudiwe baada ya masika, mvua zitakapokuwa zimepita ardhini.